Beseni la Darajani

Kama ulioa au kuolewa Butembo miaka ile, basi Protokole alikuonyesha pa kukaa. Hapakuwa na njia ya kumkwepa. Unafika kwenye arusi na kikwembe chako kipya kiunoni, unajiambia utakaa na dada zako karibu na chakula, mara unasikia mkono mkavu kwenye kiwiko: "Mama, hapana pale. Fasi yako iko hapa." Na hapo pake ni nyuma ya nguzo, ubavuni mwa shangazi wa bwana arusi ambaye hamjasalimiana naye tangu mvua za mwaka jana. Unakaa, utafanya nini. Sherehe ikiisha mnatoka mmeshasalimiana, na humshukuru, maana unajua alifanya makusudi.

Kwa asiyejua mambo yetu: protokole ni mtu anayepokea wageni kwenye arusi, kwenye kilio, kwenye jubile ya padri. Anavaa utepe begani, anajua nani akae mbele na nani asikae karibu na nani. Mitaa mingine wanamteua kijana yeyote mwenye koti. Kwetu alikuwa yeye siku zote, mpaka jina lake la ubatizo likapotea. Watoto walimwita Protokole. Mke wake alimwita Protokole, hasa akikasirika. Mimi nilikuwa jirani yake, uzio wa miti katikati, nikafanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote, na nasema wazi kwamba kwa muda mrefu sikumpenda.

Alinichosha. Mimi nimezoea watu wanaokimbia: mtoto ana degedege, mama anatoka damu, unakimbia. Yeye hakukimbia hata siku moja. Alikuwa na neno lake, "Kwanza bakae. Maneno itafuata," yaani watu wakae kwanza, na alilisema kwa kila shida, ya mahari, ya mipaka ya shamba, ya mlevi aliyempiga shemeji. Siku jiko langu la nyasi liliposhika moto alikuja na ndoo yake, akaitua chini, akaanza kuwapanga majirani. We pale. Mama we hapa. Kijana, toka kwenye njia. Nikamwambia, "Muzee, nyumba iko naungua." Akanijibu bila kunitazama, "Njo maana. Bakisimama mubaya, maji itamwangikia miguu yabo." Moto ulizimika, paa tu ndilo lililokwenda. Nilimshukuru kwa shida.

Na huyo mpatanishi wa mji mzima, nyumbani kwake alikuwa mtu wa kelele. Chumvi ikizidi, kelele. Mbuzi akilegeza kamba, kelele. Ule uzio wetu ulipoinama upande wangu, hakuja kuzungumza na mimi, aliye hatua chache kutoka mlango wake. Alimtuma katekista. Nikamuuliza katekista, "Yeye hana miguu?" Katekista akacheka, akasema mzee anaona haya kudai kitu chake mwenyewe. Nilidhani ni kiburi. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kweli hakujua namna ya kuomba kwa ajili yake, alijua kuombea wengine tu, na akipelekwa upande ule mwingine wa meza, maneno yote yalimwisha.

Niliona hivyo kwenye mahari ya Kavira, binti yake wa mwisho. Kavira alikuwa anaolewa mbali, kule Kasindi, mpakani, kwa watu wenye ndugu pande zote mbili za mto. Kule ng'ambo ni Uganda, lakini wanaokaa pale ni watu wetu: Kinande chetu wao wanakiita Lukonzo, majina ya watoto ni yale yale, wanalia maiti kama sisi. Mto ni mdogo, kuna daraja, na watu wa serikali walikuja kutuambia kwamba katikati ya maji kuna nchi mbili. Sawa. Sasa siku ile Protokole ni baba wa binti, kazi yake ni kukaa na kunyamaza. Wakwe walikuja na protokole wao, mzee mmoja mrefu wa ng'ambo, na yule mzee akasogeza benchi moja mbele. Wetu alivumilia, alivumilia, kisha akainuka kwenye kiti cha baba, akalirudisha benchi nyuma. Yule akalisogeza tena. Benchi likaenda mbele na nyuma hadi mashangazi wakaanza kucheka, na wazee hao wawili nao wakacheka, na tangu siku ile wakawa hawaachani. Kutoka ng'ambo walikuja samaki wa ziwa waliokaushwa. Kutoka Butembo vilikwenda viazi na maharagwe. Waliitana mulamu, shemeji, ingawa hesabu ya ukoo haikuwapa haki hiyo. Sisi tulimwita Mzee wa Ng'ambo.

Halafu vita. Siwezi kuvieleza vita vile vizuri, na anayesema anaweza anakudanganya. Beni kulikuwa na wakubwa wa uasi, askari wa ng'ambo walikuwa kwetu kana kwamba ni kwao, barabarani kila kijiji na bariere yake, kizuizi cha askari. Na ndani ya vita hivyo ikaja kolera. Redio ilisema inatembea nchi kwa nchi, imetoka kwenye maziwa mengine, imefuata wakimbizi na masoko. Niliitwa niteremke Kasindi kusaidia. Nilipanda kamyo ya Muislamu mmoja wa Beni, mtu mwema, aliyesimama Mutwanga tusali kila mtu kwa dini yake kabla ya kuendelea.

Nilichokikuta Kasindi sikitamani kukirudia, lakini nitakisema. Hema moja la turubai lililopasuka. Mikeka chini, majani ya migomba chini ya mikeka, na watu wanaotoka maji meupe kama maji ya kuoshea mchele, juu na chini, mpaka macho yanaingia ndani na ngozi ya tumbo ukiivuta haitaki kurudi. Kolera haina siri. Mtu anaisha maji tu. Ukimrudishia maji kwa mshipa, anaamka, anakuomba chai. Usipomrudishia, anakufa anakutazama, akili timamu, anasikia kila unachosema. Na serumu ya kumrudishia ilikuwa imekwisha. Tulibaki na maji ya chumvi na sukari. Anayeweza kunywa, anakunywa. Anayetapika, tulimshika mkono.

Serumu haikuwa mbali. Hilo ndilo lililonipa hasira ambayo haijaniisha mpaka leo. Maboksi yalikuwa yametumwa na nchi za mbali kwa ajili yetu, yakafika ng'ambo, yakawekwa kwenye stoo moja yenye paa la mabati. Ukisimama nyuma ya hema unaliona lile paa. Daraja lilikuwa limefungwa. Wakubwa wa ng'ambo waliogopa ugonjwa usivuke kwao. Wakubwa wa kwetu walijibu kwa kufunga na wao, na kunong'ona kwamba hayo maboksi labda yametiwa kitu. Lakini mbao zilivuka. Kahawa ilivuka, askari waliopumzishwa walivuka na magodoro yao vichwani. Serumu hapana.

Ndipo Protokole alipotokea, mavumbi mpaka kwenye nyusi, amembeba Kavira mgongoni. Alikuwa amekuja kumtembelea binti yake tu, hakujua, akamkuta kwenye sakafu ya nyumba yake, mume amekimbilia porini na askari wanamtafuta abebe mizigo. Akamlaza mbele yangu.

"Mama Muganga," akasema, "mutie dawa."

"Muzee, sina. Dawa iko kule." Nikamwonyesha paa.

Alilitazama. "Nani alifunga daraja?"

"Bakubwa. Ya huku na ya kule."

"Bakubwa bamekaa pamoja?"

"Hapana. Banatumiana maneno tu, na bariere, na vitisho."

"Njo shida," akasema, na akatoka. Nilitaka kumrushia kikombe. Mtoto wake anakufa, yeye anazungumza habari za kukaa.

Lakini alichokifanya siku ile na kesho yake, sijui nani mwingine angekifanya. Alikwenda kwenye bariere yetu, akamsalimia komanda kwa adabu zote, akamuuliza habari za mama yake. Akawatuma wanawake wa sokoni waite ng'ambo kwa sauti, katika Kinande, juu ya maji: mwambieni mulamu wangu aje ukingoni. Mzee wa Ng'ambo akaja. Wakasimama wazee hao wawili, mmoja huku, mmoja kule, wakapanga mkutano kwa kupiga kelele, kama walivyozoea kupanga arusi. Nani atakuja. Nani atakaa mkono gani. Jua litakuwa wapi saa ile, ili asiwepo mkubwa wa kukunja uso na mwingine akadhani amechukiwa. Meza itakuwa katikati ya daraja, miguu miwili huku, miguu miwili kule. Kila alipopata nafasi alirudi hemani, akavua koti, akamnywesha Kavira kwa kijiko, akamfulia vikwembe vyake, akavaa koti, akarudi.

Kulikuwa na jambo moja bado, la chakula. Kwetu watu wasiokula pamoja hawajapatana, hata waseme nini. Na wakati wa vita watu waliogopa sumu kuliko risasi. Hakuna komanda aliyekula chakula cha mtu mwingine isipokuwa mwenyeji amenawa mbele yake, amekunywa mbele yake, amekata tonge kwenye sahani ile ile. Ukimletea kila mtu sahani yake, wanainuka wote. Nilimwambia Protokole kwamba ugonjwa huu unakaa kwenye mikono, unapita kwenye beseni la kunawia. Alinisikiliza. Akasema sawa, niweke dawa yangu kwenye maji. Nikaweka klori kwenye ndoo, kipimo cha sawasawa, na nikaona nimefanya kazi nzuri.

Asubuhi ya mkutano Kavira hakuweza kumeza tena. Kijiko kiliingia, maji yakatokea pembeni ya mdomo. Baba yake alimgeuza, akamwosha, akafua kikwembe, akafunga utepe wake begani. Hakunitazama.

Darajani walikaa. Walikaa vizuri, lazima niseme: Afande wa ng'ambo na daktari wao upande mmoja, komanda wetu na mimi upande mwingine, na hakuna aliyekuwa juu wala chini. Bugali na samaki vikawekwa katikati, sahani moja kubwa. Protokole akamimina maji yangu kwenye beseni, akaanza kulizungusha. Afande akainua kichwa, akanusa.

"Hii maji inanuka nini?"

"Ni dawa ya kuua kolera," nikasema.

Daktari wao alitaka kunisaidia, naye akasema ni kweli, ni dawa. Ikawa mbaya zaidi. Komanda wetu akamtazama daktari, Afande akanitazama mimi, na viti viwili vikalia kwenye mbao. Askari wa pande zote mbili wakaanza kushika mikanda ya bunduki.

Protokole alichukua beseni, akamwaga maji yote mtoni. Akavuta bidon, dumu la maji ya kawaida, yaliyotekwa mtoni asubuhi, akamimina.

"Muzee, hapana," nikamwambia kwa Kinande, chini chini.

Akanijibu kwa Kinande, macho kwenye beseni. Alisema wakiinuka hawatakaa tena, na Kavira hatafika jioni.

Akatia mikono yake, akaisugua, akachota maji ya beseni kwa kiganja, akasukutua, akameza. Kisha akampa Mzee wa Ng'ambo, maana protokole wawili ndio wanaotangulia. Yule mzee mrefu akatia mikono kwenye maji yale yale, na kwa heshima ya shemeji yake, ili wa upande wake waone, naye akachota, akameza. Afande alilowesha ncha za vidole tu. Viti vikatulia. Wakala.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Maboksi yavuke leo. Watu wetu wasivuke tena mto kwa miguu kwa kujificha, na wazee wa pande zote waangalie hilo. Daktari wao aje aone hema letu, na wauguzi wao waje tufanye kazi pamoja mpaka ugonjwa upungue, kwa sababu ukitushinda sisi utavuka tu, hautauliza karatasi. Jua halijateremka, nilikuwa natafuta mshipa kwenye mkono wa Kavira. Ulikuwa umejificha. Niliupata. Serumu ikaingia, chupa juu ya chupa, na kabla ya giza alifumbua macho akamwambia baba yake, "Baba, uko na utepe. Kuna arusi?" Nililia mbele za watu. Yeye alitoka nje.

Siku chache tulikuwa na furaha, kama neno hilo linaweza kutumika kwenye hema la kolera. Wauguzi wa ng'ambo walikuwa wazuri, tulicheka nao, tuligombana juu ya mikasi. Kisha habari ikavuka: Mzee wa Ng'ambo anaharisha. Kisha: amekufa, alikuwa amekataa kutolewa nyumbani kwake. Na nyuma ya habari hiyo likaja neno nililoliogopa. Sumu. Alikula darajani na watu wa Congo, akafa. Wauguzi wakaitwa warudi kwao, hata glavu hawakuvua. Daraja likafungwa, na safari hii askari waliweka magunia ya mchanga. Maboksi tuliyokuwa nayo yalikuwa yanaelekea kwisha, na wagonjwa walikuwa wanaletwa juu ya milango iliyong'olewa, juu ya machela ya miti, kutoka vijiji ambavyo sikuvijua.

Sasa hapa ndipo nataka mtu anielewe. Kavira alikuwa mzima. Alikuwa anakaa, anakula uji, anasuka nywele za mgonjwa mwingine. Protokole alikuwa amepata alichokuja kukitafuta, na kulikuwa na kamyo inarudi Beni asubuhi ile. Nilidhani atapanda, na nisingemlaumu. Alikuja akaniomba nimsindikize kilioni, ng'ambo.

"Muzee, batakuua."

"Pengine," akasema. "Lakini bakiniua, kesi imekwisha. Kesi ikiisha, daraja itafunguka."

Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa ameshafikiri, kama alivyofikiri habari ya benchi na jua.

Walituruhusu kupita kwa sababu ni kilio, na mtu anayekwenda kilioni hazuiwi. Aliacha utepe wake kwangu, kwenye mfuko. Lupango, ule uwanja wa nyumba ya marehemu, ilikuwa imejaa watu, Afande mwenyewe alikuwepo kwenye kiti. Kijana mmoja akaja kumwonyesha Protokole pa kukaa, naye akamwambia asante, akakaa chini kwenye vumbi, mlangoni, pale ambapo watu wanavulia viatu. Hakungoja maneno yafuate. Alizungumza Kinande, na mimi nayatoa kama nilivyoyashika.

"Hakuna sumu. Muganga huyu aliweka dawa kwenye maji ya kunawa, dawa ya kumlinda mulamu wangu. Mimi ndiye niliyeimwaga. Niliogopa wakubwa watainuka na mtoto wangu atakufa. Nikampa maji ya mto kwa mkono wangu, naye akayanywa kwa sababu alinipenda. Kama mnatafuta aliyemuua, msimtafute kwenye nchi nzima. Ni mimi."

Mjane alikuwa amekaa karibu na jeneza. Aliinua kitambaa usoni. Alimjibu kwa Kiswahili, na nadhani alifanya hivyo ili Afande asikie.

"Na we ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Juu ya nini uko muzima?"

"Sijui, mulamu."

Alikishusha kitambaa usoni. Kisha akasema, "Enda. Batoto ya batu bapate dawa. Lakini mu hii lupango usiingie tena."

Afande aliinuka, akatoka kwenda kuzungumza na watu wake. Maboksi yalivuka kesho yake. Wauguzi walirudi wakiwa kimya, na hatukugombana tena juu ya mikasi. Wangapi waliokolewa sijui. Najua waliotoka hemani kwa miguu yao, na wengine bado nawakuta sokoni Beni.

Tulipokuwa tunarudi, katikati ya daraja, alisimama.

"Kuna kitu sikusema, Mama Muganga."

"Sema."

"Ile asubuhi nilifua kikwembe ya Kavira. Nilinawa na maji tu, nikapangusa mu suruali. Nikavaa koti. Na mikono ile niliitia mu beseni, mimi wa kwanza. Mulamu wa pili." Alishika ukingo wa daraja. "Ningesema vile pale, bangesema ni Kavira njo alimuua. Iko mutoto. Atabeba ile maneno namna gani?"

Nilikuwa muuguzi, nilitakiwa kuwa na jibu. Nikamwambia mto wote ulikuwa na kolera, maji ya bidon ile yalitosha kumuua mtu bila mikono ya yeyote, na hakuna mtu duniani anayeweza kujua.

"Na we unajua?"

"Sijui, Muzee."

"Basi," akasema, na tukavuka.

Butembo ilipata habari kabla hatujafika. Watu wetu hawamtukani mtu. Wanasahau tu kumwita. Arusi iliyofuata mtaani kwetu ilikuwa na kijana mwenye filimbi, wageni wakakaa ovyo, mkwe alikaa nyuma ya ngoma, na hakuna aliyesema jina la Protokole ingawa alikuwa nyumbani kwake, anasikia muziki. Nani atampa beseni la arusi mtu aliyesema kwa kinywa chake kwamba alimwua shemeji yake kwa maji ya kunawa? Mimi nilijaribu kumtetea. Nilisema kwenye chama cha akina mama kwamba angenyamaza, leo angekuwa na utepe wake, na wale watu wangekuwa wamekufa. Walinisikiliza, wakaniitikia, wakamwita kijana wa filimbi. Iliniuma kuliko yeye, au labda yeye hakuonyesha. Kelele za nyumbani ziliisha. Siku moja niliamka nikakuta uzio umenyooshwa, na hakuna katekista aliyekuja.

Miaka ilipita mingi. Mke wake akafa. Vita vilibadilisha majina tu, na watu wa upande wa Beni waliendelea kukimbia mashamba yao. Kavira naye alikimbia, akarudi kwa baba yake na watoto, bila mume. Kisha ukaja ugonjwa mwingine, ule wa homa na damu, na baada yake ule wa kifua wa dunia nzima, na kwenye kila mlango wa duka, wa kanisa, wa benki, kukawekwa bidon yenye bomba na maji ya klori. Tuliambiwa tusishikane mikono. Wazungu na Waafrika wa nchi nyingine walikuja na magari kutufundisha kunawa. Nilipitisha kichwa juu ya uzio siku moja, mzee tayari mimi mwenyewe, nikasema nakuja kula kwenu, nimechoka kula peke yangu.

Alikuwa amekaa uani, mdogo ndani ya lile koti. Aliinuka. Ilimchukua muda, lakini aliinuka, akanishika kiwiko kwa mkono mkavu ule ule, akanipeleka kwenye kiti. "Hapana pale. Jua itakupiga. Fasi yako iko hapa." Nikakaa.

Kavira alileta bugali, samaki na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwenye sahani moja kubwa, na pembeni kibakuli kidogo kilichofunikwa. Alikuja na jagi, akaninawisha kwa maji yanayotiririka, yananuka klori mpaka machoni. Kisha akamgeukia baba yake, na mzee akachukua jagi mkononi mwake, akajinawisha mwenyewe, polepole, kidole kwa kidole, akarudia, akarudia tena. Ngozi ya mikono yake ilikuwa nyeupe na imepasuka kama ya mfua nguo. Akachukua kibakuli chake, akaenda kukaa upande wa pili wa uani.

Kavira aliketi karibu nami. Alikuwa mama mtu mzima, mvi kwenye paji. Aliteremsha sauti, lakini siyo sana.

"Mama Muganga, we njo ulikuwa pale, wakati ya kolera. Uniambie. Baba hapana kula na sisi tangu ile wakati. Hata mama mbele ya kufa alimuomba, akakataa. Hapana kubali nimunawishe, hapana kubali nimuguse mikono. Nilimufanya nini?"

Ng'ambo ya uani mzee alikuwa ameacha kutafuna. Alinitazama. Miaka yote niliyomjua, aliwaombea watu wote wa mji huu, na kwa ajili yake hakuwahi kuniomba kitu, hata uzio. Sasa alikuwa ananiomba, na kila mtu mwenye macho angeona.

"Hukumufanya kitu," nikamwambia Kavira. "Baba yako ni protokole. Protokole hapana kula na bageni. Anangoja bakae, bakule, bashibe. Njo kazi yake."

"Tangu zamani vile?"

"Tangu zamani."

Kavira akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Baba na kazi yake," akasema, na akavuta sahani katikati yetu. Mzee aliinamia kibakuli chake tena. Nilikata tonge, Kavira akakata tonge, tukachovya kwenye sombe moja, na vidole vyake vikagusa vyangu.